Louisville kwa Miguu: Bandari Iliyosafirisha Watu

Mto Ohio ukifika Louisville, jimboni Kentucky, unashuka karibu mita 8 katika umbali wa kilomita tatu hivi, juu ya mwamba wa chokaa uliojaa mabaki ya matumbawe ya miaka takriban milioni 390. Kutoka Pittsburgh hadi New Orleans, njia ya maji ya karibu kilomita 3,000, hapakuwa na kizuizi kingine cha asili kama hiki. Maji yakipungua, mashua zilitia nanga juu ya maporomoko, shehena ikashushwa, mikokoteni ikaipeleka kwa nchi kavu hadi Portland upande wa chini, ikapakiwa tena. Penye kushusha na kupakia hapakosi makuli, maghala, nyumba za wageni, wakopeshaji fedha na mahakama. George Rogers Clark, kamanda katika vita vya uhuru wa Marekani, alipofika mwaka 1778 na askari wake pamoja na familia chache za walowezi, alikuwa anafuata vita. Mji uliobaki nyuma yake, wenye jina la mfalme Louis XVI wa Ufaransa, ulifuata maporomoko.

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Mji wake nao umekaa pale ambapo Mto Kongo unamkatalia nahodha, chini ya maporomoko saba ya Boyoma. Wabelgiji walimaliza reli ya kuyazunguka hadi Ubundu mwaka 1906. Louisville walichimba mfereji, ukafunguliwa mwaka 1830.

Nawataja watu wa Kisangani kwa sababu wako hapa. Kentucky imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana katika shule za umma za Jefferson County, kaunti ya Louisville. Sisi tunaokaa Jeffersontown, kitongoji cha mashariki kilichoanzishwa mwaka 1797, tunashuka mjini kwa kazi, kwa hospitali, kwa ofisi za serikali. Kwenda mtoni kusikiliza historia ni jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya, na nadhani tunapoteza kitu kikubwa. Historia ya gati la mji huu inatuhusu kuliko inavyodhaniwa.

Matembezi mazuri huanzia magharibi, Mtaa wa Ninth unapokutana na River Road. Hapo pana kazi ya sanaa iliyowekwa mwaka 2021 na mradi uitwao (Un)Known, ulioanzishwa na mshairi Hannah Drake na wenzake kwa ajili ya watu waliotumikishwa utumwani Kentucky, wanaojulikana majina na wasiojulikana. Ni benchi za mawe ya chokaa na nyayo za miguu zinazoelekea majini. Unaweza kuweka kiatu chako juu yake, upime. Nyingine ni ndogo, za mtoto.

Ng'ambo ni Indiana. Kabla ya 1865, upande huu mtu alikuwa mali, upande ule utumwa ulikuwa umekatazwa na sheria. Mto hapa si mpana: sauti ya mbwa anayebweka ng'ambo inafika. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa West End, alituambia tusimame kimya kidogo tuangalie umbali huo. Hakuongeza neno, akageuka kuelekea mjini.

Kutoka hapo unapanda hadi Mtaa wa Main. Majengo yake ya karne ya 19 yana nyuso za chuma cha kusubu, na kipande cha mashariki kinaitwa Whiskey Row kwa sababu wafanyabiashara wa whisky walikuwa na ofisi na maghala yao hapo. Ziara nyingi hutumia saa nzima kwenye mapipa na vikombe vya kuonja. Mimi napita haraka. Kwenye Sixth ndipo kilipo Kituo cha Muhammad Ali, kilichofunguliwa mwaka 2005. Bondia huyo alizaliwa katika mji huu mwaka 1942, na tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman huku uwanja mzima ukimshangilia kwa Kilingala. Wazee wa Kikongo wakifika hapa ni wao wanaomfundisha mwongozaji. Watanzania nao wana kumbukumbu yao: Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye.

Kwenye Fifth kuna Belvedere, uwanja wa zege uliojengwa juu ya barabara kuu ya Interstate 64. Inasikitisha kwamba mji ulioishi kwa mto wake ulikubali kutenganishwa nao kwa barabara ya magari. Ila juu ya zege hilo imesimama sanamu ya York, kazi ya Ed Hamilton ya mwaka 2003, na hapo inafaa kukaa.

York alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake George Rogers. Oktoba 1803 aliondoka hapa kwenye maporomoko na msafara wa Lewis na Clark, akavuka bara zima hadi Bahari ya Pasifiki. Aliwinda, alibeba, aliuguza wagonjwa. Novemba 1805, msafara ulipoamua wapi pa kupitisha majira ya baridi, sauti yake ilihesabiwa pamoja na za wengine. Waliporudi mwaka 1806, wenzake walipewa ardhi na malipo maradufu. York hakupewa kitu. Alikuwa na mke hapa Louisville, mali ya mtu mwingine, naye akaomba aachwe akae karibu naye. Clark, aliyekuwa amehamia St. Louis, alikataa. Barua zake mwenyewe kwa kaka yake Jonathan zinaeleza jinsi alivyompiga York na kumtia jela kwa kuwa hakuonyesha furaha ya utumishi. Barua hizo zilipatikana mwaka 1988 katika nyumba moja hapahapa Louisville, sasa ziko Filson Historical Society, na zilichapishwa mwaka 2002. Kwa hiyo York anayetazama mto pale juu ni mtu tunayejua alichokitaka: kukaa na mkewe.

Mitaa mitatu mbele, kwenye Second kati ya Main na Market, kuna bango la chuma la serikali ya jimbo. Hakuna jengo la zamani la kuonyesha. Hapa na mitaa ya jirani ndipo wafanyabiashara wa watumwa walipokuwa na mazizi yao, wakifunga watu kwa minyororo wakisubiri wanunuzi. Bango linasema kufikia miaka ya 1850, Kentucky ilikuwa inapeleka watumwa kati ya 2,500 na 4,000 kila mwaka kwenye mashamba makubwa ya kusini. Mmoja wa waliouzwa kupitia mji huu ni Henry Bibb. Alikaa miezi katika nyumba ya kazi ngumu ya mji, kisha akapelekwa New Orleans pamoja na mkewe Malinda na binti yao mdogo. Alifanikiwa kutoroka baadaye, akaandika maisha yake mwaka 1849, na mwaka 1851 akaanzisha gazeti nchini Kanada. Mke na mtoto hakuwapata tena.

Waliokwenda Mkunazini, Unguja, wanajua jinsi mahali pa namna hii panavyoweza kuhifadhiwa. Soko la pale lilifungwa Juni 1873, kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu yake, na mgeni huteremshwa ngazi hadi kwenye vyumba vya chini ambamo hawezi kusimama wima. Bango la Second mtu analipita akiwa na kahawa mkononi bila kugeuza shingo. Sidai kanisa. Ila mji wenye makumbusho ya magongo ya besiboli, farasi na whisky unaweza kupata ukuta mmoja wa kuandika majina.

Ni hapo ndipo mzee mmoja wa Kasongo, mkoani Maniema, Kongo, aliyekuwa katika kundi letu, alipomuuliza mwongozaji: hawa watu wakifika huko kusini walilima nini? Pamba, akajibu mama. Na pamba ikaenda wapi? Massachusetts, kwenye viwanda vya nguo. Mzee akatikisa kichwa, akatugeukia sisi wa pwani.

Nchi za Afrika Mashariki zilijua mapema ilikokwenda. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akaingia Unguja. Meli za Salem zilileta shuka nzito ya pamba ambayo bado tunaiita merikani. Nguo hiyo ilikuwa fedha. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipakia majora yake mabegani mwa wapagazi, ikalipa hongo kwa watemi kwa doti, ikanunua chakula Tabora na Ujiji, ikavuka Tanganyika hadi Maniema. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alijenga nguvu zake Kasongo kwa biashara hiyo, ya pembe na ya watu. Pembe zilirudi pwani, zikapanda meli zilezile za Wamarekani, na nyingi zikaishia Connecticut kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vibonye vya piano.

Tuyaweke pamoja. Mtu aliyefungwa mnyororo kwenye Second Street alipelekwa Mississippi kuchuma pamba. Pamba ile ikafumwa kaskazini ikawa nguo. Nguo ikanunua pembe huko Maniema, na pamoja na pembe ikanunua watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba ilikatika, na madukani Unguja merikani ikapungua, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Mnyororo ulikuwa mmoja, ukivutwa huku unatikisika kule. Kiswahili chenyewe kilifika Kasongo na misafara ile. Leo kimefika Louisville, vinywani mwa watoto wa Kasongo, kwenye basi la shule linalopita mtaa uleule.

Nasema haya kwa sababu nimewasikia ndugu zetu wakisema historia ya watumwa wa Marekani ni ya Wamarekani Weusi, sisi tumekuja juzi. Tumekuja juzi, ni kweli. Lakini babu zetu, wengine wakiwa wenye kubeba, wengine wenye kuuza, wengine wenye kuuzwa, walikuwa ndani ya biashara hii miaka 180 iliyopita. Na sisi wa pwani hatuna haki ya kuisimulia kana kwamba mikono yetu ilikuwa mfukoni.

Kutoka Second tunateremka hadi Waterfront Park. Zamani ukingo huu ulikuwa wa maboti ya moshi, la kwanza likiwa *New Orleans* lililofika mwaka 1811 na kukwama kwa wiki kadhaa kusubiri maji yajae. Lililobaki kama kumbukumbu ya enzi hizo ni *Belle of Louisville*, boti la gurudumu lililojengwa mwaka 1914, ambalo Jefferson County ililinunua mnadani mwaka 1962 na ambalo bado linabeba abiria. Kuta za kuzuia mafuriko unazoziona ukielekea Portland zilijengwa baada ya Januari 1937, mto ulipozamisha sehemu kubwa ya mji na watu wapatao 175,000 wakahamishwa.

Katika bustani hii amekaa Abraham Lincoln, naye pia kazi ya Ed Hamilton, ya mwaka 2009. Amekaa juu ya jiwe, kofia pembeni, na kando yake kuna nafasi, kwa hiyo watoto humpanda magotini. Septemba 1841, baada ya kukaa kwa rafiki yake Joshua Speed katika shamba la Farmington nje ya mji, Lincoln alipanda boti hapa kurudi kwao. Ndani ya boti kulikuwa na watumwa 12 waliofungwa sita sita kwa minyororo, wakipelekwa kusini. Alilieleza tukio hilo kwenye barua ya shukrani kwa dada yake Joshua, na miaka 14 baadaye alimwandikia Joshua mwenyewe kwamba sura ile ilikuwa bado inamtesa. Nyuma ya sanamu kuna michongo minne, mmoja ukiwaonyesha watu wale. Kentucky yenyewe ilikataa kuidhinisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa mwaka 1865. Iliyaidhinisha mwaka 1976.

Mwisho wa bustani ni Daraja la Big Four, la reli hapo zamani, sasa la watembea kwa miguu. Unalivuka bure hadi Jeffersonville, Indiana, na katikati unaona maji yakielekea maporomoko.

Tarehe 3 Julai 1831, Thornton na Lucie Blackburn, mume na mke waliokuwa watumwa, walivuka mto huu kwa kivuko, mchana kweupe. Mwenye Lucie alikuwa amefariki, na mfanyabiashara aliyemnunua alikusudia kumuuza kusini. Wawili hao walivaa nguo nzuri, wakabeba hati za kughushi za watu huru, na kutoka Jeffersonville wakalisimamisha boti *Versailles* lililokuwa likipanda kwenda Cincinnati. Nahodha aliwapakia kama abiria. Walifika Detroit, wakakamatwa huko mwaka 1833, na Weusi wa mji ule wakawatoa mikononi mwa wakamataji kwa mpango na kwa nguvu, wakawavusha hadi Kanada. Serikali ya huko ilikataa kuwarudisha. Mjini Toronto Thornton, ambaye hakujua kusoma, alianzisha teksi ya farasi, ya kwanza katika mji ule. Baadaye akarudi kwa siri katika jimbo la Kentucky, ambako kukamatwa kungemaanisha kuuzwa, akamchukua mama yake, Sibby, akaenda naye Toronto.