Bei ya Bure: Historia Fupi ya Kupangisha Tovuti

Chama cha wanafunzi kinapotaka kufungua tovuti, swali la kwanza mkutanoni huwa: wapi ni rahisi? Ni swali la haki, maana mfuko wa chama haujai. Lakini historia ya upangishaji wa tovuti, ambayo haijafikisha hata miaka arobaini, inatufundisha kuuliza jambo jingine kabla ya bei. Tovuti nyingi zilizopotea hazikupotea kwa sababu wenyewe walilipa kidogo. Zilipotea kwa sababu wenyewe hawakuwa na nakala, na mara nyingi hata anwani haikuwa yao.

Tovuti ni mafaili, na mafaili hayo lazima yakae kwenye kompyuta isiyozimwa, yaani seva. Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta aina ya NeXT aliyoitumia Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990. Ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu ya kuwaonya watu wasiizime. Huo ndio uliokuwa uhakika wa huduma siku zile: karatasi na gundi. Hakukuwa na kodi ya kulipa, kwa kuwa mashine na umeme vilikuwa vya taasisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni ya umma, yeyote aitumie bila malipo. Tangu hapo wavuti ukatoka maabara ukaingia sokoni.

Mwanzoni soko hilo lilikuwa ghali, na sababu moja ilikuwa ya kiufundi. Kivinjari kilipobisha hodi kwenye seva hakikutaja jina la tovuti kilichoitaka. Kilifika tu kwenye namba ya anwani. Kwa hiyo, kwa kawaida kila tovuti yenye jina lake ilihitaji namba yake. Toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa Januari 1997, lilikitaka kivinjari kitaje jina la mwenyeji anayetafutwa. Badiliko hilo dogo liliwezesha seva moja yenye namba moja kubeba mamia ya tovuti za watu wasiojuana.

Anayeijua nyumba ya kupanga vyumba ya Kariakoo ataelewa mara moja. Mlango wa mbele ni mmoja, bomba la uani ni moja, na kodi ni nafuu kwa sababu wapangaji ni wengi. Lakini mpangaji mmoja akifungulia maji siku nzima, wenzake wanabaki na ndoo tupu. Upangishaji wa pamoja ndivyo ulivyo hadi leo. Tovuti ya jirani ikipata wageni wengi ghafla, yako inaweza kuzorota bila kosa lako.

Waliotaka nafuu zaidi ya hiyo walikwenda penye bure. David Bohnett na John Rezner walianzisha huduma mwaka 1994 huko California, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la GeoCities. Mtu alipewa kiwanja katika “mtaa” unaolingana na mambo anayoyapenda: wapenzi wa filamu Hollywood, wanafalsafa Athens, wapenda kompyuta SiliconValley. Hakulipa senti. Alilipa kwa matangazo yaliyowekwa kwenye ukurasa wake, na kwa anwani iliyobeba jina la mwenye nyumba badala ya jina lake.

Mwaka 1999 Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Mwaka huohuo masharti mapya yaliipa kampuni haki pana mno juu ya yale ambayo wapangaji walikuwa wameyaandika. Walipiga kelele, wengine wakahama, na kampuni ikalegeza masharti. Miaka kumi baadaye hapakuwa na la kujadili. Aprili 2009 Yahoo ilitangaza kufunga, na tarehe 26 Oktoba milango ikafungwa. Kundi la watu wa kujitolea, Archive Team, lililoongozwa na Jason Scott, liliwahi kunakili sehemu kubwa ya kurasa hizo kabla ya kufutwa. Waliosalimika kwa hakika ni wale waliokuwa na nakala zao wenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kwa Afrika Mashariki, mwaka huohuo wa 2009 una kumbukumbu nyingine. Mwezi Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa kasi ambayo setilaiti haikuweza kuitoa. Mlango ulifunguka kwetu miezi mitatu tu kabla ya mtaa wa bure mashuhuri kuliko yote kubomolewa. Wengi waliingia bila kusikia kilio cha waliokuwa wakihamishwa.

Je, kulipa kunatosha? Tarehe 10 Machi 2021, usiku, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini mamilioni ya tovuti yalitoweka hewani, na baadhi ya data hazikurudi kamwe. Hao walikuwa wateja wanaolipa. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliitia kampuni hiyo hatiani katika kesi ya mteja aliyekuwa amelipia nakala rudufu: nakala hizo zilikuwa zimewekwa katika jengo lilelile lililoungua.

Kutoka GeoCities hadi Strasbourg, somo ni moja, nalo linavihusu vyama kama chetu kuliko kampuni kubwa. Uongozi wetu hubadilika kila mwaka. Katibu anahitimu, anarudi Nairobi au Muscat, na nywila inaondoka naye. Anwani iliyosajiliwa kwa barua pepe yake binafsi hubaki kama nyumba ambayo hati yake iko mfukoni mwa msafiri.

Kwa hiyo, bei ijadiliwe, lakini iwe ya nne. Kwanza, jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la chama na kwa barua pepe ya chama, tofauti na kampuni inayotupangisha, ili siku ya kuhama tuhame na jina letu. Pili, nakala kamili itolewe kila muhula na kuwekwa mahali pengine kabisa, nayo ijaribiwe kama inafunguka. Tatu, tusome bei ya mwaka wa pili, maana punguzo la kuwakaribisha wapangaji wapya huisha na kodi halisi hudaiwa wakati wa kuhuisha mkataba. Tukishayapata hayo matatu, hata chumba cha bei ya chini kwenye seva ya pamoja kinatosha kwa jarida la wanafunzi.

Wahenga hawakuijua seva, lakini daftari walilijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala za miaka yetu hapa ughaibuni ni mali, na daftari lake ni hiyo nakala ya kila muhula.