Tembo mmoja, madaraja mawili ya ulinzi

MACHI 2010, mjini Doha, Qatar, Tanzania iliomba tembo wake washushwe kutoka Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES hadi cha Pili, ili iuze karibu tani 90 za meno ya tembo zilizokuwa ghalani. Kenya ilikuwa mstari wa mbele kupinga, na ombi likakataliwa.

CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ulianza kutumika mwaka 1975. Kiambatisho cha Kwanza kina viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kuviuza nje kibiashara ni marufuku. Cha Pili huruhusu biashara kwa kibali, iwapo wataalamu wameridhika kuwa haitaleta madhara porini. Cha Tatu ni cha viumbe ambavyo nchi fulani imeomba wenzake waisaidie kuvidhibiti.

Tembo wote wa Afrika waliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza mwaka 1989, na Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliopendekeza hatua hiyo. Wale wa Botswana, Namibia na Zimbabwe walishushwa mwaka 1997, wa Afrika Kusini mwaka 2000. Kwa hiyo tembo anayevuka Mto Zambezi kutoka Zimbabwe kwenda Zambia hupanda daraja bila mwenyewe kujua. Meno yake hayabadiliki, na jangili analifahamu hilo vizuri.

Kakakuona wa Afrika alingoja hadi mwaka 2016 kupandishwa Kiambatisho cha Kwanza, wakati shehena za magamba yake zilikwisha kukamatwa mara nyingi.

Orodha Nyekundu ya IUCN, ambayo mwaka 2021 ilimtaja tembo wa savana kuwa hatarini kutoweka na yule wa msituni kuwa hatarini zaidi, ni tathmini ya kitaalamu tu, si sheria. Hata CITES haimpeleki mtu jela. Anayekutwa na jino la tembo nchini Tanzania hushtakiwa kwa sheria ya nchi, ambayo hulihesabu jino hilo kuwa nyara ya serikali.

Baada ya Doha, tembo wa Tanzania walibaki katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria idadi yao kuwa 109,000. Ile ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000.