Maziwa ya Moto ya Magamba

Mwaka 1963 wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Usambara, walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi iligombewa. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, aliona akisubiri atakosa pa kuweka, akayatia yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa yangali uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya kijana mmoja. Mimi naona kinafichua jambo kubwa zaidi katika historia ya shule zetu: somo la sayansi huanza pale swali la mwanafunzi linapopelekwa kwenye kipimo. Kabla ya hapo ni kunakili tu.

Ushahidi umo katika yaliyofuata. Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza tena kwa nini cha moto kiliwahi kuganda. Mwalimu wa huko alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa zima likageuza maneno hayo kuwa utani. Mwalimu hakuwa mjinga. Kanuni aliyoishika ilikuwa upande wake, kwa kuwa kwayo cha moto hakiwezi kukitangulia cha baridi. Kosa lake ni kuitumia kanuni kufunga mjadala ambao bika mbili za maji zingeufungua. Mpemba mwenyewe alizichukua katika maabara ya biolojia, moja ina maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza; saa moja baadaye barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, alilisikia swali lilelile huku wanafunzi wakicheka. Naye hakuamini, lakini aliahidi kulipima, akalipima. Mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa katika jarida la Physics Education.

Wapo watakaosema kwamba wanafizikia hadi leo wanabishana kama kweli maji ya moto huwahi kuganda, na wengine wamelipima wasilione. Ni kweli, na hoja yangu haidhuriki: ubishi huo wenyewe ni kazi ya sayansi, nao ulihitaji mtu wa kuuliza. Wengine watasema muhtasari ni mrefu, mtihani uko mlangoni, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kufuata kila swali. Hawezi, lakini kuahidi kupima hakuli kipindi kizima, na kumcheka mwanafunzi hakuokoi muda wowote. Pingamizi zito zaidi ni la vifaa. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilipozihimiza shule za kata zijenge maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, ilikiri pengo la kweli. Bila friza na bika Mpemba asingepima kitu. Ila vifaa hivyo vilikuwapo Mkwawa siku alipochekwa. Jengo la maabara hutimiza kazi yake pale tu mwalimu anapokuwa tayari kusema, mbele ya darasa, kwamba hajui na kwamba watapima pamoja.