Safu ya Lugha: Mkanda

Mkanda hushika suruali kiunoni. Mkanda wa jeshi ni ugonjwa wa malengelenge yanayojipanga mstari upande mmoja wa mwili. Ndugu wa neno mkanda ni ukanda, eneo refu kama ukanda wa pwani, na wingi wake ni kanda. Mkanda wingi wake ni mikanda: tuseme “mikanda imechakaa”, wala si “mikanda zimechakaa”.

Kiwandani, mkanda ni ule mpira mpana uliofumbatia kitambaa au nyaya za chuma, unaozunguka juu ya rola ukibeba mawe, saruji au majani ya chai. Hapo ndipo msemo wetu wa “kukaza mkanda”, yaani kubana matumizi, unapohitaji tahadhari. Mkanda wa mashine ukikazwa kupita kiasi, kiungio chake huchanika na beringi huchoka mapema. Ukilegea, huteleza kwenye ngoma inayouendesha, ukasuguliwa na kuungua. Ukienda upande, hula kingo zake wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka mkanda udumu hukaza kwa kipimo, hubadilisha rola iliyokwama, hufagia mabaki yaliyoganda, na hupunguza urefu wa anguko la mawe juu yake. Mchaniko mdogo huuziba siku hiyo hiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawasihi mafundi na mameneja: kubana matumizi kwa kweli huanza na ukaguzi wa kila siku, kabla ya kutafuta mkanda wa bei ya chini.