Nywele Ndefu za Vijana wa Ugogo na Jirani Zake

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, msafiri aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe hakuwa na njia rahisi ya kuiepuka nchi ya Wagogo. Alivuka Marenga Mkali, nyika yenye maji ya chumvichumvi, akapita Kanyenye na vijiji vingine, kisha akafika Mdaburu, ambao leo umo katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Mbele yake lilikuwako pori la Mgunda Mkali, lenye maji haba na vijiji vichache. Katika safari hiyo alitozwa hongo mara kwa mara: nguo, shanga na waya, kwa ajili ya ruhusa ya kupita na ya kunywa maji. Nyuma ya mtemi aliyeitaka hongo walisimama vijana wenye mikuki, na miongoni mwa mambo ambayo wageni hawakukosa kuyaandika juu ya vijana hao yalikuwa nywele zao.

Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1873, alieleza kwamba Wagogo walizisokota nywele zao pamoja na nyuzi za gome la ndani la mbuyu ili zizidi urefu. Wengine walizifanya zisimame pande zote kama miiba. Wengine waliziacha zining'inie, na nchani wakatia vidude vya shaba au shanga za rangi. Hakuona namna moja tu bali namna nyingi, kila kijana na yake. Richard Burton, aliyetangulia kupita huko mwaka 1857, aliandika juu ya Wanyamwezi kwamba nao walizisokota zao vishada vidogo vidogo vilivyofika shingoni, akawafananisha na Wamisri wa kale.

Wageni wa Ulaya walicheka au walistaajabu. Ama watu wa pwani waliokuwa katika misafara hiyo, wao walikuwa na hukumu nzito zaidi. Kwao mwanamume mstaarabu alinyoa kichwa na kuvaa kofia. Kusuka kulikuwa kazi ya wanawake, tena ya ndani ya nyumba. Mwanamume mwenye misuko iliyopakwa mafuta na udongo alikuwa, katika maneno ya siku zile, mshenzi tu. Hata hivyo ni yeye mwenye kofia aliyefungua mzigo wake akatoa nguo, na ni mwenye misuko aliyezipokea. Jambo hilo yafaa likumbukwe, kwa sababu baadaye nywele hizo zilihesabiwa kuwa alama ya unyonge, na wakati ule hazikuwa hivyo hata kidogo.

Nywele za watu wa nchi hizi haziteremki mabegani zenyewe kama nywele za singa. Hujikunja, na kila zinapojikunja ndipo penye udhaifu; zikikauka hukatika. Hukua chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi, na mwenye kuziacha ovyo ataona baada ya miaka mitatu kwamba zimekuwa kichaka, walakini urefu haukuongezeka sana, maana kiotacho shinani kimepotea nchani. Anayezitaka ndefu hana budi kuzifunga. Huzigawa mafungu membamba, kila fungu akalisokota tangu ngozini hata mwisho, kisha akaliacha bila kulichana. Uzi wa mbuyu, basi, haukuwa pambo tu. Uliongeza urefu, ni kweli, lakini pia uliubeba uzito na kuushika msokoto usifumuke.

Baada ya kusokota huja mafuta. Nchi ya kati ni kavu: mvua yake aghalabu ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika miezi michache, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi. Maji yaliyochimbuliwa katika mchanga wa mito mikavu yalikuwa ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Kuoshea nywele kila juma kungekuwa israfu kubwa. Mafuta ya wanyama au samli ndiyo yaliyouzuia unyevu usitoke katika nywele. Yakichanganywa na udongo mwekundu uliosagwa laini, yalizipa rangi na kuushikamanisha msokoto. Mgeni aliyeona uchafu katika mchanganyiko huo hakuuliza ulikuwa na kazi gani.

Mafuta hayo yalitoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Maana yake ni kwamba kichwa cha kijana kilionyesha pia hali ya zizi la baba yake, kwa kuwa nyumba isiyo na samli ya kula haiwezi kuwa na samli ya kupaka.

Na mikono je? Mtu hawezi kujisuka kisogoni. Kazi ya kusuka kichwa kizima kwa misuko myembamba yaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na aliyeifanya alikuwa kijana mwenzake, ambaye naye kesho yake aliketi chini akasukwa. Waliokuwa wakishinda hivyo kivulini si kwamba hawakuwa na kazi. Huenda usiku uliotangulia walikuwa wakilinda mifugo, au walikuwa wamerudi kutoka malishoni mbali. Lakini ni dhahiri kwamba ususi huu ulihitaji watu wa rika moja wenye kukaa pamoja, wenye kuaminiana hata mmoja akampa mwenzake kichwa, na wenye nafasi ambayo hakuna mwingine aliyeinunua.

Mtindo wenyewe haukuwa wa Wagogo peke yao. Kati yao na kando yao waliishi wafugaji wa lugha ya Kimasai, ambao Wagogo waliwaita Wahumba, nao ndio Wabaraguyu wa leo. Wagogo walipigana nao, wakaoana nao, wakachukua kwao silaha, mavazi na namna za kujipamba. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuelewa nywele za kijana wa bara yafaa atazame desturi ya Wamasai, ambayo utaratibu wake ulidumu zaidi na umeandikwa kwa ukamilifu.

Mvulana wa Kimasai hakuwa na ruhusa ya kuwa na nywele ndefu. Alipotahiriwa na kupona alinyolewa, akaingia katika umorani, na tangu siku hiyo hakunyoa. Nywele zilipopata urefu wa kushikika zilisokotwa kuwa nyuzi nyembamba nyingi, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu, zikakusanywa: fungu moja mbele juu ya paji, jingine refu nyuma kama mkia, lililofungwa kwa ngozi. Wanawake walinyoa vichwa. Waliosuka ni wanaume. Mpwani angekuta mambo yamegeuzwa juu chini. Na kwa kuwa nywele zina kipimo chao cha kukua ambacho hakiharakishwi, mkia uliofika katikati ya mgongo ulitangaza umri wa umorani wa mtu. Haukuweza kuazimwa wala kununuliwa, ila kwa hila ya kuunga nyuzi.

Miaka kadhaa ilipokwisha palifanyika sherehe iitwayo eunoto, ambayo kwayo morani hupanda daraja na kuanza kuelekea ndoa na utu uzima. Siku hiyo mama hulowesha kichwa cha mwanawe kwa maziwa na maji, akachukua wembe, akanyoa. Waliohudhuria wameeleza jinsi vijana walioweza kumkabili simba walivyolia na kutetemeka. Si ajabu. Kila msokoto ulipita katika mikono ya rafiki, na pamoja nao hukatwa maisha ya kulala na kula pamoja na marafiki hao. Hata hivyo aliyenyoa alikuwa mama, kwa wakati uliokubaliwa na wazee, na mbele ya rika zima lililonyolewa pamoja. Hakuna aliyenyolewa peke yake, wala aliyenyolewa na mgeni.

Hapo ndipo penye jambo kubwa katika historia hii, yaani ni nani aliyekuwa na haki ya kushika wembe. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali panapotazama nchi ya Wagogo. Hongo ya watemi ilikomeshwa, na mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, iliyolipwa kwa fedha au kwa kazi. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 ikaendelea kupanda kuelekea Manyoni. Kijana aliyekwenda kutafuta fedha ya kodi, katika reli au katika mashamba ya mbali, alitoka katika kivuli alichosukiwa. Huko aendako hakuwa na rika, wala samli, wala siku nzima ya kuketi. Misheni na shule ziliongeza sababu zao: chawa, usafi, na mfano wa mwalimu mwenyewe. Katika mahali pengi haikutolewa amri yoyote. Misuko ilifumuliwa na hali ya maisha.

Vita vya 1914 vilimaliza mengi yaliyobaki. Majeshi ya pande zote mbili yalitwaa wapagazi, nafaka na ng'ombe wa Ugogo, na baada yake ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliyoua watu wengi sana na kuwatawanya waliosalia. Desturi iliyosimama juu ya mifugo, mafuta na kukaa pamoja haikuweza kupita salama katika miaka kama hiyo.

Wamasai, waliokaa mbali zaidi na reli, waliendelea. Kisha serikali ya nchi huru nayo ikashika wembe. Mwishoni mwa 1967 na katika 1968 ilifanyika kampeni katika mkoa wa Arusha, uliopakana wakati ule na Singida, ya kuwataka Wamasai waache shuka la kufunga begani, udongo mwekundu na misuko, wavae suruali na shati. Waliounga mkono walikuwa na hoja isiyofaa kudharauliwa: Waafrika walikuwa wamechoka kupigwa picha kama wanyama wa mbugani, na taifa changa lilitaka raia wake wote wapate shule, hospitali na heshima sawa. Lakini maneno yaliyotumiwa juu ya mafuta na udongo yalikuwa karibu yale yale ya misafara ya zamani. Tarehe 1 Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana, iliyoendeshwa na umoja wa vijana wa TANU, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka miwili kijana wa nyikani aliambiwa nywele zake ni za kale mno, na msichana wa mjini aliambiwa zake ni za kigeni mno. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyeulizwa rika lake linasemaje.

Kampeni ilipita, na shuka limebaki. Leo hupamba hata matangazo ya utalii. Ususi nao ulipata njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Tangu miaka ya 1990 hivi, vijana wa Kimasai waliohamia Dar es Salaam na miji mingine, wengi wao kwa kazi ya ulinzi wa usiku, wamejulikana pia kuwa wasusi hodari wa nywele za wanawake. Mteja huketi kwenye kigoda, wasusi wawili au watatu humzunguka, na kazi huanzia kisogoni. Baadhi yao wenyewe wamekata nywele zao fupi. Ili misuko izidi urefu, huzisokota nywele za mteja pamoja na nyuzi za nailoni, zinazouzwa madukani kwa mafungu, na kazi ikiisha hutaja bei.