Kifungo cha Kutolipa Faini

Hukumu nyingi katika mahakama za mahakimu humalizika kwa sentensi moja: ulipe faini ya shilingi kadhaa au uende jela miezi kadhaa. Magazeti huiripoti hivyo hivyo, na wapo wanaoiita hiyo jela "kifungo mbadala". Jina hilo linapotosha. Msomaji hudhani mahakama imetoa adhabu mbili zenye uzito sawa, ikamwachia mshtakiwa achague aitakayo. Kisheria, adhabu ni faini. Kifungo hufuata faini isipolipwa, na hukoma deni linapokwisha: ndugu wakileta fedha yote mfungwa akiwa tayari gerezani, anaachiwa. Aliyehukumiwa kifungo cha kawaida hana mlango huo. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni kifungo cha kutolipa faini.

Wengine watapendelea "kushindwa kulipa", kwa kuwa ndivyo inavyosemwa mara nyingi mahakamani. Lakini anayeshindwa ni yule aliyejaribu akakwama. Neno hilo linamfaa kibarua asiye na akiba, halimfai mwenye nyumba za kupangisha aliyekataa tu kutoa fedha. "Kukataa kulipa" nako kungemwonea kibarua. Kutolipa kunataja jambo lililotokea bila kulihukumu, na kunamwachia hakimu kazi ya kuuliza kwa nini limetokea. Swali hilo ndilo kiini cha haki katika suala hili zima.

Tazama Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Pale ambapo sheria mahususi haikuelekeza vingine, kifungu cha 28 kinaweka ukomo wa kifungo kwa kila kiwango cha faini. Faini isiyozidi shilingi 500 ikikosa kulipwa, kifungo hakizidi siku 14. Hadi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, miezi 12. Hakimu anaweza kutoa pungufu, ila asivuke mpaka. Ukipiga hesabu, unaona mzigo unakoelemea. Anayedaiwa shilingi 3,000 anaweza kukaa ndani miezi mitatu, na anayedaiwa 3,000,000 hawezi kupita miezi 12. Deni la pili ni mara elfu moja ya la kwanza, lakini ukomo wa kifungo chake ni mara nne tu. Uhuru wa maskini umepangiwa bei ya chini mno.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na suala hili mwaka 1983 katika shauri la Bearden dhidi ya Georgia. Mshtakiwa alikuwa kwenye uangalizi, akitakiwa kulipa faini na fidia. Alilipa dola 200 za mwanzo, kisha akaachishwa kazi, na hatimaye akafungwa kwa salio lililobaki. Majaji waliamua kwamba kabla ya kumpeleka mtu jela kwa sababu hiyo, mahakama lazima ichunguze kama alikuwa na uwezo akakaidi au alijitahidi akakosa. Ikiwa amekosa, adhabu nyingine zitazamwe kwanza. Ujerumani imeshika njia nyingine: faini hukatwa kwa siku, na thamani ya kila siku hufuata kipato cha mtu. Tangu Februari 2024, siku mbili za faini isiyolipwa huhesabiwa siku moja ya kifungo, wakati awali zilikuwa sawa kwa sawa.

Kuna hoja kwamba bila tishio la jela hakuna atakayelipa, na kwamba kila mtu atajifanya fukara. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana kifungo hakipaswi kufutwa kwa mkaidi. Lakini mwenye mali hujulikana kwa mali yake: mahakama ina uwezo wa kuamuru ikamatwe na kuuzwa ili faini ipatikane. Asiye na mali haongezewi uwezo kwa kufungwa; anapoteza kibarua, familia inabaki bila mlezi, na serikali inamlisha kwa gharama inayoweza kuipita faini yenyewe. Huyo apewe muda, alipe kwa awamu, au apangiwe huduma kwa jamii, ambayo Kenya imeitungia sheria tangu mwaka 1998 na Tanzania tangu 2002.

Basi wafasiri, waandishi wa habari na makarani wa mahakama waachane na "kifungo mbadala" na waandike kifungo cha kutolipa faini. Nao mahakimu, kabla ya kusaini hati ya kumpeleka mtu gerezani, wamuulize waziwazi: hukulipa kwa sababu hukutaka, au kwa sababu huna? Jibu lake liandikwe kwenye jalada la kesi, na uamuzi ulifuate.