Nyimbo za Dungu na Kinu: Kumbukumbu ya Wakulima wa Bungu na Delta ya Rufiji

Historia ya Bungu, mji mdogo wa wilaya ya Kibiti ulio kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, pamoja na ile ya delta ya Rufiji iliyo kusini-mashariki yake, imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliofika kuhesabu: Wajerumani walihesabu boriti za mikoko na marobota ya pamba, Waingereza wakahesabu vichwa vya kodi, na wataalamu wa serikali huru wakahesabu kaya za kuhamishwa. Namna wakulima wenyewe walivyouona mwaka wao wa kazi haikuingia katika majalada hayo, na mahali pa kuitafuta ni katika nyimbo za Kindengereko cha Bungu na Kibiti, za Kirufiji cha bondeni na za Kimatumbi cha vilima vya kusini, lugha tatu za Kibantu zilizo ndugu, ambazo zimekaa bega kwa bega na Kiswahili cha pwani.

Si kwamba ushairi ulioandikwa ulilisahau eneo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Majimaji, uliochapishwa mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 chini ya uhariri wa Wilfred Whiteley. Utenzi ni shairi refu la masimulizi, ambalo kila ubeti wake una mishororo minne mifupi, na kina cha mshororo wa mwisho hurudi toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, utenzi wa vita kwa desturi hufuata majumbe, maakida na mapigano, na mkulima huonekana humo anapokamatwa, anapokimbia au anapokufa, lakini siku yake ya kawaida shambani haina nafasi.

Lakini chanzo cha vita hivyo kilikuwa shambani. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Kijerumani chini ya Gavana Götzen uliwalazimisha watu wa kusini-mashariki kulima pamba katika mashamba ya pamoja, na mnamo Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba hiyo. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya ushuhuda wa wazee miaka ya 1960, kazi ambayo G. C. K. Gwassa alikuwa miongoni mwa viongozi wake, walielezwa kuhusu likinda, yaani mazoezi ya kivita yaliyofanywa kwa siri, na kwamba kiongozi wake aliimba kwa Kingindo huku akiwanyunyizia wapiganaji dawa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa wimbo wa lugha ya nyumbani ukifanya kazi ambayo amri iliyoandikwa isingeweza kuifanya.

Nyimbo zilizo nyingi, hata hivyo, ni za kazi, ambazo wanafasihi huziita hodiya, na zile za kilimo huitwa pia wawe. Ili kuzielewa ni lazima kwanza kulielewa bonde lenyewe. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, mto hufurika kati ya Machi na Mei, na maji yanapopungua hupandwa mlau, yaani mazao ya unyevu uliobaki ardhini, kama vile mahindi, kunde na zamani pamba. Mpunga ukianza kubeba, familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi na mafiga ya kupikia, ambako mama na watoto huamia ndege mchana, na usiku baba hulinda nguruwe pori na viboko. Wimbo wa kuamia hauhitaji ngoma wala ufundi mkubwa wa vina, kwa maana unashindana na kundi la ndege, kwa hiyo ni mfupi, wa sauti ya juu, wenye kurudiwarudiwa, na ukitolewa nje ya shamba husikika kama makelele tu.

Kinu kina habari ndefu zaidi. Wanawake wawili au watatu wakitwanga katika kinu kimoja, kila mchi hushuka kwa zamu, na atakayekosea zamu ataumiza mkono wa mwenzake, hivyo kiitikio ndicho kinachotunza mwendo. Juu ya kiitikio hicho mwimbishaji huweka maneno yake, na hapo ndipo mke humpiga kijembe mume mlevi, wifi mchoyo au mkwe asiyeshiba, bila mtu kumshtaki kwa utovu wa adabu, kwani yeye anatwanga tu. Mwanahistoria atakayedharau nyimbo hizi kwa sababu hazina tarehe atakosa ushahidi wa madeni, wivu, njaa na talaka, ambao mahakama ya liwali iliupata kwa nadra.

Mpasuko mkubwa ulikuja baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali ilipoendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bondeni kwenye vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu. Wengi waliendelea kushuka kulima, kwa kuwa mpunga haupandi kilima, lakini msimu wa dungu ulifupishwa na shule pamoja na umbali. Baadaye mashine za kukoboa zikawapumzisha wanawake na mchi, jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayelilalamikia, ingawa lilikiondolea kiitikio kazi yake. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 likaongeza magari, wageni na Kiswahili cha Dar es Salaam.

Sarufi ya Kindengereko imeshachunguzwa kwa kina, hasa katika tasnifu ya Eva-Marie Ström ya mwaka 2013, ila sarufi si mkusanyo wa nyimbo. Vikundi vya ngoma vinavyotumbuiza kwenye mapokezi ya Mwenge wa Uhuru huimba vizuri, lakini huimba wakiwa wamesimama mstarini, mikono mitupu, wamevaa sare. Atakayerekodi hapo bila kuuliza wimbo uliimbwa katika kazi gani, na nani, na mwezi gani wa mafuriko, atarudi na sauti peke yake.